Shangingi, mkonga na njia za Songwe: Nguvu ipi inailinda familia?

UKIKAA nusu saa kando ya barabara kuu mjini Tunduma, utayaona yakipita moja baada ya jingine. Moja jeupe, jingine jeusi, jingine la rangi ya lulu. Viti bado vimevikwa nailoni, na kwenye kioo cha mbele kuna karatasi yenye herufi mbili: IT. Hayo ni magari ya kupita tu. Yameshushwa melini bandarini Dar es Salaam, yameendeshwa zaidi ya kilometa 900, na kesho yatakuwa Zambia au njiani kuelekea Kongo.

Mtaani yana jina moja: mashangingi. Mengi ni Toyota Land Cruiser ya kifahari, ile ambayo watu huiita VX au V8. Katikati ya malori ya semi-trela, bodaboda, wabadilisha fedha wenye mafungu ya kwacha na akina mama wanaouza ndizi, shangingi huonekana kama bibi harusi aliyepotea njia akajikuta gulioni.

Tunduma ni mlango. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, Zambia, na tangu Oktoba 5, 2019, marais John Magufuli na Edgar Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha forodha, msafiri humaliza taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja. Reli ya TAZARA hupita hapo. Barabara ya Sumbawanga huchepuka hapo. Mkoa wenyewe wa Songwe ni mchanga, umemegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu ni Vwawa.

Lakini nje ya barabara kuu, Songwe ina sura nyingine kabisa: miteremko ya Ileje, mashamba ya kahawa ya Mbozi, na joto la bonde la Ziwa Rukwa kule Momba. Ni huko, wala si kwenye lami ya Tunduma, ndiko unakoelewa gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya nini. Na kwa mzazi anayepanga kusafiri na watoto, kuelewa hilo si suala la ushabiki wa magari. Ni suala la kufika salama.

Halikuzaliwa kuwa la kifahari

Land Cruiser ilianza kama gari la kazi. Mwaka 1951 Toyota ya Japani ilitengeneza gari lililoitwa BJ, likapandishwa Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwahi kufika. Polisi wa Japani wakavutiwa. Mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser, kwa sababu Waingereza tayari walikuwa na Land Rover yao tangu 1948, na Toyota ilitaka jina lisiloonekana dogo mbele ya hilo.

Baadaye ukoo ukagawanyika. Tawi moja likabaki shambani: mwaka 1984 ikatoka familia ya 70, ndiyo hardtop na pikapu ambazo Watanzania wengi huziita "mkonga", kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele mfano wa mkonga wa tembo. Tawi la pili likahamia mjini: likapata viti vya ngozi, kiyoyozi, injini kubwa na majina ya namba, 80, 100, 200, na mwaka 2021 likaja la 300. Hadi mwaka 2019, Toyota ilikuwa imeuza Land Cruiser zaidi ya milioni 10 duniani.

Kwa hiyo shangingi la bosi na hardtop ya zahanati ni ndugu wa ukoo mmoja. Mmoja amevaa suti, mwingine ovaroli.

Chini ya bodi

Gari dogo la kawaida, kama IST inayopendwa sana mijini, bodi yake ndiyo mifupa yake. Land Cruiser haiko hivyo. Chini yake kuna chesisi ya chuma yenye umbo la ngazi: mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kukata. Bodi imekalishwa juu ya ngazi hiyo kwa mipira. Gari likipita kwenye mashimo, ngazi ndiyo inayobeba mateso, na walio ndani huhisi sehemu tu ya kinachotokea chini.

Pili, nguvu inafika kwenye magurudumu manne. Kwa shangingi ni muda wote. Kwa mkonga, dereva huamua mwenyewe pale anapokuta tope. Zaidi ya hapo kuna gia ya nguvu, ile inayoandikwa L4. Ukiiweka, gari hutambaa kama kobe lakini magurudumu husukuma kwa nguvu nyingi zaidi. Si ya mbio. Ni ya kupandisha mlima wenye utelezi, au kushuka bila kukanyaga breki kila mara.

Tatu ni difu. Gurudumu moja likining'inia hewani au likizama kwenye tope, difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu hilohilo linalozunguka bure. Difu ikifungwa, magurudumu yote mawili ya ekseli hulazimika kuzunguka pamoja, na lile lenye kushika ardhi hulitoa gari.

Toleo la 300 limeongezewa akili za kompyuta. Dereva huchagua aina ya njia, iwe mchanga, tope au mawe, na gari lenyewe hupima nguvu na breki za kila gurudumu. Limepunguziwa takriban kilo 200 kwa kutumia aluminiamu kwenye boneti, paa na milango. Lakini wahandisi hawakugusa kipimo kimoja: umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma umebaki milimita 2,850, uleule wa toleo la 80. Ukiurefusha, tumbo la gari hugota kwenye kichuguu. Ukiufupisha, gari huyumba likiwa kwenye mwendo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba wengi bado huliita la 300 "V8". Kumbe halina injini ya silinda nane. Injini zake zote ni za silinda sita. Ile ya dizeli ni ya lita 3.3, ina turbo mbili, na bado nguvu yake ya kuvuta inaipita V8 ya dizeli iliyotangulia.

Hewa nyembamba ya Mbozi

Vwawa na Tunduma ziko kwenye nyanda za juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Binadamu asiyezoea huhema akipanda ngazi. Injini nayo huhema.

Hapo ndugu hawa wawili hutofautiana. Mkonga mwingi wa zamani hutumia injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Haina mambo mengi ya umeme, na fundi wa Mlowo anaweza kuitengeneza kwa spana na subira. Lakini ikipanda mlima ikiwa imebeba, hupungukiwa pumzi. Shangingi lenye turbo hujisukumia hewa lenyewe, hivyo kimo hakilisumbui sana. Linapanda kimya, abiria wanasinzia, watoto hawasikii hata mngurumo.

Ukimya huo ndio raha ya gari hili. Ndio pia hatari yake ya kwanza.

Senjele haijali bei ya gari

Anayetoka Mbeya kwenda Tunduma hupita Mbalizi, kisha mlima Senjele, ndipo afike Mlowo na Vwawa. Senjele imezoeleka masikioni mwa wasikilizaji wa habari, na si kwa mema. Malori yenye shehena huteremka hapo yakinuka breki, na lori likishindwa kusimama huburuta kila kilichoko mbele yake.

Dereva wa IST akifika kilometa 100 kwa saa, gari lote humwambia: upepo unavuma, usukani unatetemeka. Dereva wa shangingi kwa mwendo huohuo husikia muziki tu. Lakini kanuni za uzito hazisikilizi muziki. Shangingi lina tani mbili na nusu hivi kabla halijapakia mtu, zaidi ya mara mbili ya IST. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki zinatakiwa kuimaliza huongezeka mara nne. Anayepita kijijini kwa kilometa 100 badala ya 50 zilizowekwa kisheria anahitaji nafasi kubwa mno kusimama, hata kama gari lake ni la mamilioni mangapi.

Kuna na kimo. Gari lililoinuliwa juu ili lipite mashimo huwa na uzito wake juu pia. Likikatwa ghafla kumkwepa ng'ombe au bodaboda, ni rahisi zaidi kupinduka kuliko gari fupi. Mifumo ya kisasa ya kulituliza gari husaidia, lakini haifuti tofauti hiyo.

Madereva wazoefu wa njia hii wana kawaida moja isiyogharimu senti: kupunguza gia kabla ya mteremko, si katikati yake. Hata gari la otomatiki lina sehemu ya kushusha gia kwa mkono. Injini ikilishikilia gari, breki hubaki baridi zikisubiri dharura.

Bondeni Rukwa: hapa ndipo linapolipa

Kutoka Mlowo kuna njia inayoelekea Kamsamba, wilayani Momba. Kadiri unavyoshuka kutoka nyanda za Mbozi, kahawa inapungua, joto linaongezeka. Unatoka mahali pa sweta na kufika bonde lenye kimo cha mita 800 hivi, ambako watu hulima mpunga na kufuga ng'ombe. Kule Ivuna, chemchemi za chumvi zimetumiwa na binadamu kwa karne nyingi. Desemba 16, 1938 kilianguka hapo kimondo kidogo kisichofika kilo moja, cha aina adimu sana, na wanasayansi wa dunia bado wanakitaja kwa jina la kijiji hicho.

Kiangazi, bonde hili ni vumbi. Masika, udongo mweusi hunata kwenye tairi mpaka zinakuwa kama mikate. Hapo gia ya nguvu, difu iliyofungwa na tumbo lililo juu huacha kuwa maneno ya kwenye tangazo. Dereva anayejua kazi hupunguza upepo wa tairi kidogo ili zikanyage eneo pana, hutambaa, na hushuka kwa miguu kuangalia kabla ya kuingia. Asiyejua huongeza mafuta, magurudumu huchimba, na gari hulala hapo mpaka wapatikane vijana na majembe.

Kwenye maji ndiko wengi hudanganyika. Watengenezaji wanasema toleo la 300 linaweza kupita maji ya kina cha sentimita 70. Ni kweli, kwa maji yaliyotulia. Maji yanayokwenda kasi ni jambo lingine: kina cha sentimita 60 tu kinatosha kulisukuma gari kubwa, shangingi na pikapu vikiwamo, kwa sababu gari huanza kuelea na tairi hupoteza mshiko. Mkonga nao husaidia injini kupumua juu ya maji na kuepuka vumbi. Hauligeuzi gari kuwa kiboko.

Kwa wakazi wa Kamsamba, daraja la Mto Momba linalowaunganisha na Kilyamatundu mkoani Rukwa limekuwa na thamani kuliko magari mangapi ya kifahari. Gari jasiri halichukui nafasi ya daraja.

Gari linalosubiriwa usiku

Wakati shangingi linatazamwa mchana, mkonga husubiriwa usiku. Magari mengi ya wagonjwa katika wilaya za pembezoni ni Land Cruiser hardtop zenye kitanda nyuma. Si mazuri kwa macho. Springi zake ni ngumu, na mgonjwa huhisi kila jiwe. Lakini chesisi ni ileile ya ngazi, difu ni zilezile imara, na vipuri hupatikana.

Mama aliyeshikwa na uchungu pingamizi kijijini, akihitaji kufikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe pale Vwawa, hana haja ya viti vya ngozi. Anahitaji gari litakalopita tope usiku huo, na dereva atakayekuja akiitwa. Ndiyo sababu mfumo wa m-mama, unaopokea simu za dharura za wajawazito na watoto wachanga kwa namba 115 bila malipo, hautegemei magari ya wagonjwa peke yake. Hushirikiana pia na madereva wa jamii walioandikishwa. Familia inayotarajia mtoto ingefaa iwe na namba hiyo kwenye simu ya baba, ya mama, na ya jirani mwenye chaji.

Hapo mtu anapata kipimo kingine cha ubora wa gari, tofauti na mng'ao wa rangi.

Lifti ya IT

Mzazi mwenye watoto wawili, mizigo na haraka ya kuwahi msiba au shule kufunguliwa anasimama stendi. Basi limejaa. Linasimama shangingi jipya la IT, baridi la kiyoyozi linatoka dirishani, na nauli inapungua kwa maelewano. Ni nani asiyeshawishika?

Sababu za kukataa ziko nne. Kwanza, magari haya hayana leseni ya kubeba abiria, na polisi wa usalama barabarani wamekuwa wakikataza jambo hilo mara kwa mara. Pili, bima yake haikukatwa kwa ajili ya abiria wa nauli, hivyo likitokea la kutokea familia hubaki na msalaba wake. Tatu, dereva wake ana siku chache za kufika mpakani na mara nyingi yuko peke yake. Usingizi wa alfajiri hauchagui gari.

Nne ni jambo ambalo wachache hulifikiria. Baadhi ya magari ya Kongo yana usukani kushoto, maana huko watu huendesha upande wa kulia. Kwenye barabara zetu dereva wa gari hilo amekaa upande wa majani, siyo upande wa katikati ya barabara. Ili aone kama anaweza kulipita lori, lazima alitoe gari zima nje kwanza. Kwenye kona za Mbozi, hiyo ni bahati nasibu, na dau lake ni watoto walioketi nyuma.

Urefu usioona chini

Kwa familia zenye gari la aina hii nyumbani, au zinazotembelewa na ndugu mwenye nalo, hatari nyingine iko uani. Boneti ya shangingi iko juu kiasi kwamba mtoto wa miaka mitatu akisimama karibu na bampa, mbele au nyuma, dereva hamwoni kabisa. Kamera za matoleo mapya husaidia, lakini tope la safari moja hulifunika jicho la kamera. Njia salama ni ileile ya zamani: kabla ya kuwasha injini, mtu mzima mmoja anawahesabu watoto na kuwashika mikono.

Ndani ya gari, ukubwa huleta uzembe. Kwa kuwa nafasi ni nyingi, watoto huachwa wasimame kati ya viti, wacheze, au walale sehemu ya mizigo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa hadi nusu. Mkanda huo haufanyi kazi ukiwa umekaliwa. Mtoto mdogo apate kiti chake, nacho kifungwe kiti cha nyuma. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mizigo mizito ikae chini, siyo juu ya paa, maana paa likibeba magunia gari huzidi kuwa rahisi kupinduka.

Kituo cha kupumzika Ndolezi

Kwa safari ya familia kati ya Mbeya na Tunduma, kuna sababu nzuri ya kusimama: Kimondo cha Mbozi katika kijiji cha Ndolezi. Kipande hicho cha chuma kutoka angani kina urefu wa mita tatu hivi, na karibu asilimia 90 yake ni chuma. Uzito wake umekadiriwa kuwa tani 12, na vipimo vya baadaye vinautaja kufika 16. Waambie watoto wapige hesabu: hayo ni mashangingi yapatayo matano au sita yaliyofinyangwa kuwa jiwe moja.

Njia ya kwenda Ndolezi haidai shangingi. Gari dogo lenye tairi nzuri na dereva asiye na pupa hufika, nyakati za mvua akiuliza kwanza hali ya njia. Na hilo ndilo jibu kwa familia nyingi: sehemu kubwa ya safari zao Songwe hazihitaji gari la kifahari. Zinahitaji breki zilizokaguliwa, tairi zisizo kipara, mikanda inayofunga, kuondoka mapema na kulala kabla ya giza. Kwa anayekwenda Kamsamba au vijiji vya milimani Ileje wakati wa masika, Land Cruiser, iwe ya suti au ya ovaroli, inastahili sifa zake zote. Kwa anayeteremka Senjele, haimpi ruhusa hata moja ambayo dereva wa IST hana.